Makelele Yasiyokubali Kufinywa

Kikula, Likasi

Yaya Mado,

Kolwezi imepoa bila minye mudogo wako, najua! Jana mezani kwa Tantine, Patient, kuze wetu anayesoma fizike Ulaya, alijisifu na mashine yao: ndani ya baridi kali umeme unapita bila kizuizi, na mawimbi madogo kabisa yanakuzwa. Lakini mule muko makelele ya asili, kutikisika kudogo kusikoisha. Wanayafinya upande mmoja, yanavimba upande mwingine, wao wanasikiliza ule uliotulia.

«Minye nitafinya pande zote!» nikamwambia.

«Basi finya hii bukari, huu ugali, mkononi, isitoke hata kidogo. Ukiweza, kichwa ya samaki ni yako.»

Nikafinya kama mwanaume. Ikapenya kati ya vidole, ikarukia kikwembe ya Tantine! Akajipangusa, akajivutia kichwa ya samaki: «Makelele ilikimbilia kwangu, njo minye nakula.»

Umubusu mutoto, yaya. Umwambie mujomba wake iko mwanafizike.

Trezo