Walimu Uliokuwa Ukiwaombea

Mama,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo kwa mazoea, kisha nikajikuta nimesimamisha kalamu kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Miezi mitano imepita na bado sijajua namna ya kuingia humu jikoni mwako bila kukuamkia.

Najua ungeniuliza kama mchungaji ana habari kwamba ninamwandikia marehemu. Hana. Kanisa letu haliombi kwa wafu, nalijua hilo tangu kipaimara. Lakini hii si sala, ni barua, na naiandika kwenye daftari lako la kozi, kurasa za nyuma ulizoziacha wazi.

Habari za huku ni hizi. Tangawizi ya shamba la juu tumeivuna, ni ndogo ndogo. Ng'ombe yuko kwa Mama Niwaeli na anampiga mateke kama alivyokuwa akinipiga mimi, kwa hiyo nimeridhika kwamba hakuwa na ugomvi na mimi peke yangu. Zamu yetu ya maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, imenipita mara mbili, maana nafika huku maji yameshafunguliwa na wenzetu wameshamaliza kumwagilia. Mimi bado niko Same, duka lile lile la dawa za mifugo. Jumamosi nikifunga napanda basi hadi Maore, halafu bodaboda ya kupanda huku. Jumapili jioni nashuka. Sijaona Jumapili ya kulala tangu mwaka juzi, ulipoanza ile kozi.

Ni hiyo kozi iliyonikalisha hapa kwenye benchi la jikoni. Nina neno la kukuambia na nimelibeba muda mrefu.

Unakumbuka ilivyoanza. Uliisikia redioni, kozi ya mtandaoni ya maombi na Maandiko, bure, masomo nane na cheti mwishoni. Ukanipigia simu siku ya kazi, nikadhani kuna msiba. "Nakundwa, njoo na ile simu yako ya kupangusa, nimepata shule." Nilipokuja nikakuta si wewe peke yako. Umewakalisha wamama kumi wa jumuiya hapa uani, kila mmoja na kitochi chake kisichofungua hata picha, na wote wanataka kuandikishwa. Nikawaandikisha kumi na mmoja kwa simu moja, nimesimama pale pembeni ya jiko kwenye kipande kile cha ardhi ambako mtandao unakubali kukaa. Jina lako likawa la kwanza.

Kila Jumapili baada ya ibada nikawa nawasomea somo, kisha maswali. Na mkayashika maswali kama mnavyoshika msaragambo. Pembe ikilia watu wote mnatoka, mnalima barabara au mnazibua mfereji, na hakuna anayeuliza kipande hiki kalima nani. Swali linasema, eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini tunaomba. Mama Niwaeli anasema lake, Mama Tumsifu anampinga, wewe unawapatanisha, mnarudi kwenye Kipare mkishindwa, mnarudi kwenye Kiswahili mkikubaliana, na saa moja baadaye linapatikana jibu. Kisha unanigeukia: "Andika hilo. Kwa wote."

Nilikuuliza mara moja, kwa sauti ya chini, kama si vizuri kila mtu aandike la kwake. Ukasema, "Ukweli ni mmoja. Watu kumi na mmoja wauseme tofauti kwa nini?"

Nikanyamaza. Sikunyamaza kwa kukuheshimu, mama. Mimi nimekaa chumba cha mtihani wa kidato cha nne, nilijua kabisa watu wa kozi watakavyoliona jambo hilo. Nilinyamaza kwa sababu kunakili jibu moja mara kumi na moja kulikuwa kwepesi kuliko kuandika majibu kumi na moja. Nilikuwa nimechoka, nilitaka kuwahi basi.

Sasa sikiliza. Baada ya somo la saba ulikuja ujumbe. Ulinikuta dukani, wafugaji wawili wamesimama mbele yangu wanataka dawa ya kupe na mmoja wao anabishana kuhusu vipimo. Mwalimu wa kozi aliandika kwa upole kwamba majibu ya wanafunzi kumi na mmoja yamefanana neno kwa neno tangu somo la kwanza, na akaomba tumweleze imekuwaje. Aliomba maelezo tu, mama, wala hakutuita wezi. Ningeweza kumweleza kwa mistari minne kwamba huku ndivyo tunavyofanya kazi.

Niliandika: "Ni kweli tulinakiliana. Tuondoeni tu." Nikaweka jina lako chini, maana wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza. Kisha nikaendelea kupima dawa.

Nilitaka Jumapili zangu. Hiyo ndiyo sababu yote, nimeitafuta nyingine na sijaiona.

Walituondoa siku ile ile. Nilipopanda huku nikakuambia walimu wako likizo. Jumapili iliyofuata nikasema labda mitambo yao imeharibika. Ya tatu sikuwa na uongo mpya, nikasema sijui. Nilidhani mtachoka mtawanyike. Sikujua bado mimi ni mtoto wa nani. Ulikunja kanga yako ukasema, "Walimu wale wamepatwa na jambo. Tuwaombee." Na mkawaombea. Kila Jumapili, wanawake kumi na mmoja mmepiga magoti kwenye mikeka, mnamwomba Mungu awaponye walimu kama wanaumwa, awarudishe salama kama wako safarini, awape riziki kama wamepungukiwa. Mimi nimekaa katikati yenu na simu mfukoni nikiitikia amina. Kwa hiyo hata hizo Jumapili sikuzipata.

Hospitalini baada ya kiharusi, upande wako wa kulia ulipokuwa umeshakataa, uliniuliza habari zao. Nikakuambia hawajambo, watarudi karibuni. Ukafumba macho ukaonekana umeridhika, na kuridhika kule ndiko kunakonirudia nikiwa dukani, nikiwa kwenye basi, nikila. Ulikwenda kaburini ukiwa umeandikwa mahali fulani kuwa mdanganyifu, na aliyekuandika ni mwanao.

Baada ya arobaini nilidhani yameisha. Wamama wakaja Jumapili kama kawaida, wakatandika mikeka yako, wakanitazama. Nikapika chai. Mama Niwaeli akaongoza sala, na alipofika kwa walimu akasema kwamba dada yetu ametangulia na mzigo huu wa maombi ametuachia sisi, hatutauweka chini. Wakaanza kuitikia. Amina yangu haikutoka. Nikasema pale pale, macho yao yakiwa bado yamefumbwa, "Hawajapotea. Mimi ndiye niliyewafukuza." Nikaeleza yote, mpaka dawa ya kupe.

Mama Tumsifu akasimama, akajifunga kanga, akaenda zake bila kuaga. Wengine walibaki wakitazama mikeka. Nikasema kitu kinachonitesa zaidi ni lile somo la sita, lile la mtu mwenye neno na ndugu yake, kwamba aache sadaka yake aende akapatane naye kwanza, ndipo arudi. Mimi niende wapi? Wa kupatana naye yuko chini ya migomba.

Mama Niwaeli akasema, "Yeye hawezi kusema tena. Tuliokuwa naye tutasema. Umesamehewa. Lakini asiyetokea msaragambo analipa faini, na wewe hukutokea."

Faini ikawa makande ya watu wote, niyapike mwenyewe, nisilete ya kununua kule Maore. Na barua kwa mwalimu wa kozi, iandikwe mbele yao. Niliyapika, yakashika chungu chini, wakayala bila kunisifu. Barua ilichukua mchana mzima kwa sababu nayo waliiandika kwa msaragambo, kila mmoja na neno lake. Tuliambatanisha habari ya pembe, ya mfereji, ya kwamba wewe, mzee wetu, hukunakili kwa mtu, na kwamba mimi niliyekiri kosa kwa jina lako sikutumwa nawe. Nililazimika kuandika jina langu kamili.

Mwalimu alijibu baada ya siku nne. Alisema hakuna mtu aliyewahi kumwombea muda mrefu hivyo bila hata kumjua. Akalifuta lile neno la udanganyifu mbele ya jina lako, akanitumia nilione, na nimeliona, pamefutwa. Akafungua somo la nane. Ila hili, alisema, kila mtu aandike lake, maana ni somo la toba na toba haina msaidizi. Nafasi yako tuiache wazi au aikalie mwingine, ni juu yetu. Wamama hawakujadili hata dakika. Mama Niwaeli alisema shamba la marehemu hulimwa, akaninyooshea kidole.

Swali ni moja: andika sala yako ya toba kwa mistari mitano. Imetuchukua Jumapili mbili. Kila mama alinivuta nyuma ya jiko akaninong'oneza ya kwake, nami nikaandika kama alivyosema, na sasa natembea na siri za wanawake kumi ambazo sikuziomba. Sitakuambia hata moja. Ya Mama Tumsifu tu nitakuambia, maana alirudi, na alitaka nikishaiandika niisome kwa sauti kabla ya kuituma: alimwomba Mungu amwondolee hasira aliyonayo juu ya mtoto wa rafiki yake, kwa kuwa amejaribu kuiondoa mwenyewe na imekataa. Aliniangalia nikiisoma. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Kumi zimekwenda. Yangu ndiyo imebaki, na mwisho ni kesho.

Nilijaribu kuianza tangu asubuhi. Nikiandika "Bwana" mkono unasimama, naona aibu kumwendea yeye kabla sijaja kwako. Ndiyo maana nimejaza kurasa zote hizi. Nisamehe, mama. Nisamehe kwa jina lako, kwa magoti yako kwenye ule mkeka, na kwa uongo wa mwisho pale hospitalini, ulioupokea kwa upole namna ile.

Na nikuambie kitu nilichokigundua hapa benchini, kidogo mno hadi nimelia kwa hasira. Hukuwahi kunilazimisha. Siku ile kabla ya somo la saba ulinitazama nikishuka bodaboda ukaniuliza kama niko mzima, na mimi nikasema mzima. Kama ningesema nimechoka, ungeniambia nikalale, na wewe na wenzako mngekaa na swali lenu hadi Jumapili nyingine. Mistari yangu mitano itakuwa juu ya hilo. Sitaipamba. Nitaisoma kwanza mbele ya wamama wote, Mama Tumsifu akiwepo, ndipo niitume.

Pumzika, mama, nami naenda kukoka moto. Kesho nitatandika mikeka yako na kukaa kwenye nafasi yako, ingawa hainitoshi. Nakuahidi hivi: anayekaa hapo hatawadanganya tena, na akishindwa kupanda Jumapili moja atawapigia simu na kusema ameshindwa kwa uchovu.

Mwanao,
Nakundwa