Mbao za Waswedi

Jumanne, 8 Agosti 1961

Lori la mbao kutoka Kinsevere halikuja tena. Dereva ametuma salamu: mti upo, umekatwa, umelala porini, lakini barabarani kuna vizuizi na kila kizuizi kinataka kujua mti unakwenda wapi. Yeye anajibu kwamba unakwenda kuwa gitaa. Wanacheka kwanza, halafu wanampiga.

Patron wangu, baba Donat, mwenye bohari ya mbao, hakusikitika sana. Alikwenda kugonga mulombwa uliopangwa nyuma ya ofisi, ule mti mwekundu ambao mafundi hufanyia migongo ya gitaa. Tuliupanga mwaka jana, wiki ileile nchi yetu mpya ya Katanga ilipotangazwa. Umri wao ni mmoja. Alisikiliza, akatikisa kichwa. Bado mubichi, alisema, utapasuka. Kuhusu nchi hakusema kitu.

Mimi ni karani. Mafrere wa misheni walinifundisha hesabu, Kifaransa na Kilatini kidogo, na sasa naandika kwa mwandiko mzuri: mbao saba, nyufa mbili. Baba yangu alitoka Kasai kuja kufanya kazi mgodini. Mimi nilizaliwa hapa Élisabethville, mtaa wa Katuba. Mwaka jana nikaambiwa kwamba mimi ni mgeni.

Daftari hili naliandika kwa Kiswahili. Jandarme, askari wa Katanga, wanasema Kiswahili lakini wengi hawasomi. Maofisa wao wazungu wanasoma, lakini si Kiswahili. Katikati pana nafasi ndogo. Ndimo ninamokaa.

Ijumaa, 11 Agosti

Faustin amekuja, fundi wa gitaa, mteja wetu mkubwa. Mkononi ubao mmoja mweupe, mchafu, wenye misumari. Aliuweka mezani kwangu juu ya karatasi safi.

— Karani, gonga.

Niligonga. Sijui mbao, najua bei zake tu, lakini hata mimi nilisikia. Ulijibu kama mtu aliyeitwa jina lake.

Ni shida yetu ya zamani. Mgongo wa gitaa tunao, uso hatuna. Uso unataka mti mwepesi wa nchi za baridi, nao tulikuwa tunaupata kwenye masanduku ya mizigo ya wazungu. Mwaka jana wazungu wengi waliondoka na masanduku yao. Sasa Faustin amegundua kwamba askari wa ONU, Umoja wa Mataifa, wale Waswedi, wanaletewa vyakula ndani ya masanduku ya mti huohuo. Wanakula nyama, masanduku wanachoma.

Baba Donat alinusa ule ubao, akafumba macho.

— Banachoma hii?
— Banachemusha nayo kahawa, Faustin akasema.

Baba Donat akakaa chini kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Halafu akanigeukia. Lundi, Jumatatu hii, niende kwa Waswedi. Kwa nini mimi? Kwa sababu najua Kifaransa. Nikamwambia Waswedi hawajui Kifaransa.

— Basi mutasikilizana mu Kilatini.

Muluba wa Kasai kama mimi anayeonekana akitoka kambi ya ONU ana jina moja tu kwa jandarme: msaliti. Nilimwambia hivyo, kwa heshima. Akanishika bega.

— Mwana, we uko chini yangu. Mi niko muntu ya Katanga. Baba yangu alitumika ku reli mupaka kufa. Nani atakugusa?

Baba Donat ametoka Kongolo, kaskazini. Huko kaskazini ndiko jandarme wanakopigana na watu wake sasa hivi. Sikumkumbusha. Mtu hamfundishi patron wake jiografia.

Jumatatu, 14 Agosti

Nimerudi. Nimekaa kitandani na viatu.

Kambini nilipokewa na sajini mwekundu kama nyanya. Maneno yangu ya Kiingereza yaliisha kabla hajamaliza kunisalimu. Nikachora gitaa kwenye vumbi. Aliangalia kile kiuno, yale makalio, akakasirika, akaonyesha njia ya kutokea. Alifikiri nimeleta biashara ya wanawake. Nikaongeza nyuzi haraka. Akacheka mpaka akaegemea gari. Akanipa masanduku matano bure, na kopo la samaki juu yake.

Nikayasukuma kwa mkokoteni. Kizuizi kilikuwa baada ya daraja. Jandarme mmoja, kijana kama mimi, macho mekundu.

— Jina?
— Émile Joseph.
— Joseph njo baba yako?
— Njo jina ya bubatizo.
— Naliuliza baba yako.
— Baba alikufa.
— Balikufa bengi. Bote balikuwa na majina.

Jina la baba lingemwonyesha Kasai. Nikakohoa. Nilikohoa vizuri sana, kwa muda mrefu. Akazunguka mkokoteni, akaweka kidole juu ya herufi nyeusi za sanduku.

— Hii maandiko inasema nini?
— Inasema isilowane na maji.

Kwa sanduku moja ilikuwa kweli. Mengine manne yalisema ONU, kwa herufi kubwa kama za shule. Aliangalia kidole chake, akaniangalia mimi, akachukua kopo la samaki. Akasema nipite, na nifunike hizo mbao kama ziko zinaogopa maji.

Baba Donat aliuliza kama mbao zimekwaruzwa.

Jumatano, 16 Agosti

Faustin amepiga randa siku nzima. Wino wa ONU umeingia ndani ya mti. Uso wa gitaa hauruhusu kupunguzwa sana, ukiwa mwembamba mno unavunjika. Baba Donat alitaka kupaka rangi juu. Faustin akakataa, akasema rangi inaziba sauti. Herufi zitabaki, ila upande wa ndani.

— Na jandarme akichungulia mu tundu? nikauliza.
— Akichungulia atakuwa ameinama, Faustin akasema. Nitamupiga nayo.

Walicheka wote wawili. Mimi nilicheka nao, nikachelewa kidogo.

Jumapili, 20 Agosti

Misa ilikuwa na nafasi. Benchi la familia ya jirani yetu lilikuwa tupu. Wamekwenda kambini, wanakokaa Wakasai wanaolindwa na ONU. Wanasema ni maelfu sasa. Usiku wa Ijumaa vijana wa chama kinachotawala walikuja na minyororo ya baiskeli, wakavunja mlango wao, wakakuta wameshaondoka. Wakachukua mlango.

Mama anataka twende leo. Nikamweleza tena maneno ya baba Donat, kwamba niko chini yake.

Mama yangu Kapinga hakusoma kwa mafrere. Aliendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo.

— Huyu Donat unasema uko chini yake, yee iko na mabati?

Jumatano, 23 Agosti

Walikuja bohari saa ya chakula. Vijana wa chama, sita au saba. Niliwasikia kabla ya kuwaona, nikaingia nyuma ya rundo la mulombwa. Kati ya ubao na ubao tunaweka vijiti ili upepo upite. Kwa hiyo niliona yote, kwa vipande vyembamba.

— Baba, tuliambiwa uko na Bakasai.
— Mi niko na mbao, baba Donat akasema.
— Na karani?
— Karani iko mugonjwa. Anakohoa.

Alisema vizuri. Mmoja wao, mrefu, akamuuliza kwa adabu kabisa:

— Na we, baba, kwenu ni wapi?

Baba Donat akajibu kwamba kwao ni hapa, Élisabethville, baba yake alitumika ku reli. Kijana akasema ndiyo, reli ni ndefu, inafika mbali. Wakaondoka.

Nilipotoka alikuwa anakunywa maji. Yalimwagika kwenye shati. Akasema kikombe kinavuja. Halafu akaniagiza nisipite tena mlango wa barabara, nipite nyuma, kwenye nyasi. Nikasema ndiyo, patron. Akaongeza kwamba Lundi nirudi kwa Waswedi, Faustin anahitaji nyuso nane.

Jumamosi, 26 Agosti

Tuko kambini. Usiku vijana wa chama wameingia nyumba ya pili kutoka kwetu. Asubuhi mama amebeba sufuria, mimi vitabu. Njiani nikaacha vitabu nikabeba unga. Sikumuaga baba Donat. Niliogopa atanishawishi.

Jumatatu, 28 Agosti

Leo ONU imekamata maofisa wazungu wa jandarme mjini kote. Kambini watu waliimba mpaka mchana. Mama hakuimba. Anasema maofisa watarudishwa Ulaya kwa ndege, lakini wale waliochukua mlango wa jirani hawana ndege.

Watu wapya wanaingia kwa mamia.

Alhamisi, 31 Agosti

Nimepewa kazi, kwa sababu ya mwandiko. Naandika majina ya wanaofika. Majina yote mawili, na la baba. Mara ya kwanza mwaka huu nimeandika la kwangu lote.

Hapa hakuna nyumba, kuna vibanda. Magunia, makatoni, mabati ya kuokota, na masanduku ya Waswedi. Masanduku mengi. Ukuta wetu wa upande wa jua umejengwa nayo. Jana niliuangalia vizuri: nyuzi za mti zimenyooka, hakuna jicho la tawi hata moja. Tunalala ndani ya gitaa kumi.

Leo nimemkuta mama anapasua ubao wa namna hiyo kwa kuni. Nikamwambia aache, huo ni uso, Faustin angeutolea machozi. Mama akaniangalia, shoka juu.

— Utakula muziki?

Ubao uliwaka vizuri. Ni mkavu kweli. Ugali ulikuwa tayari haraka.

Jumatatu, 4 Septemba

Faustin amekuja. Yeye ni Mubemba wa upande wa Rhodesia, hajaulizwa baba yake bado. Ameleta chumvi, sabuni na maneno ya baba Donat.

La kwanza: nimeacha kazi bila ruhusa. Amesikitika. La pili: kwa kuwa niko kambini tayari, safari ya kwenda kwa Waswedi imekuwa fupi, kwa hiyo niiwekee bohari mbao zote nzuri nitakazoziona. La tatu: kwake iko salama kabisa, watu wanamheshimu.

— Yee mwenyewe alisema hii ya tatu? nikauliza.
— Alisema mara mbili, Faustin akasema.

Akawasha sigara. Halafu akasema kwamba baba Donat sasa anafungua bohari saa nne na kufunga saa sita, na mama Laurentine, mke wake, haendi tena sokoni. Na kwamba juzi mtu ameandika kwa chaki kwenye mlango wa bohari. Nini? Faustin akasema hajui, alipofika yeye, baba Donat alikuwa anapiga randa mlango.

Nikamwambia amwambie aje. Faustin akacheka.

— Aje afanye nini? Yee haiko mukimbizi. Yee njo muntu ya Katanga.

Alisema kwa sauti ileile ya baba Donat.

Jumanne, 12 Septemba

Siku nzima magari ya ONU yanapita na taa zimefunikwa. Hakuna anayetueleza kwa nini. Sajini mwekundu nilimwona, sasa ana kofia ya chuma. Alichora gitaa hewani kwa vidole viwili, akaenda zake.

Saa kumi baba Donat amefika. Nilikuwa mezani getini na daftari la majina, nikainua kichwa, naye yuko mbele yangu, shati safi, anasukuma baiskeli. Nyuma yake mama Laurentine na sanduku kichwani, kuku kwapani.

— Karani.
— Patron.
— Nilikuja kuona zile mbao.

Nikasema ndiyo. Niliangalia baiskeli. Godoro limefungwa nyuma, limekunjwa, limezungushwa kamba ya bohari, fundo lile analofungia mulombwa. Juu ya godoro, taa ya chumbani. Niliinua kalamu. Yeye akaiangalia kalamu, akasema hapana haja, hakai. Anaangalia mbao tu.

Nikampeleka. Alizunguka vibanda vyote vya mstari wetu. Anagonga ukuta, anainama, anasikiliza. Huu muzuri. Huu ulilowana. Watu walitoka kumwangalia. Mwanamke mmoja akamuuliza kama anatoka ONU. Akasema hapana, yeye ni mufanyabiashara. Mama Laurentine alikuwa ameketi juu ya sanduku lake mbele ya kibanda chetu. Kuku alimwachia atembee.

Baba Donat amefika kwenye ukuta wetu. Amegonga mara moja, akakaa ameweka kiganja hapo.

— Huu bei gani?
— Bwana Donat, mama yangu akasema, hii ukuta haitoki.
— Hata kwa bei nzuri?
— Hata.

Akatikisa kichwa kama anavyofanya mtu anayejadiliana. Akasema basi atafikiri, atasema kesho. Geti linafungwa saa kumi na mbili. Nilimwambia. Akasema anajua. Muda ulikuwa umebaki kidogo, na upande wa mji kulikuwa na magari mengi, na yeye akaanza kunieleza kwa utaratibu kwamba mbao za ukuta zisigeuziwe jua, zitapinda, na kwamba mimi karani mwenye masomo nilipaswa kujua hivyo.

Kengele ya geti imelia. Ameendelea kueleza. Mama Laurentine amefungua kamba ya godoro bila kumuuliza, naye amegeuka upande mwingine ili asione.

Mama yangu ameongeza maji kwenye sufuria ya ugali.