Aliyekata Tuta Letu

Jumamosi, Masanze. Mvua imekatika tangu alfajiri, lakini mawingu bado yameegemea milima na nyumba nzima inanuka tope. Leo ninaandika kwa aibu.

Jumanne asubuhi mto ulifurika. Ilikuwa imenyesha milimani siku tatu mfululizo, maji yakashuka mekundu, yamebeba migomba na mabati ya watu. Nilipofika shambani, tuta linalozuia mto lilikuwa wazi upana wa mlango, na mpunga wetu wote uko chini ya maji. Ulikuwa umeanza kutoa masuke.

Nililia. Kisha nikaangalia vizuri.

Pembeni mwa lile pengo kulikuwa na madongo yamerundikwa, yana alama za jembe. Maji hayarundiki madongo.

Kuna mtu alikata.

Nikamfikiria Baba Zuhura, jirani yetu wa nyumba ya pili. Shamba lake liko ng'ambo, mkabala na letu. Upande wetu ukimeza maji, wake unapona. Na asubuhi ile nilikuwa nimepishana naye njiani, jembe begani, tope hadi magotini. Tangu hapo kila alichofanya nilikisoma vibaya. Mkewe alipotuletea bakuli la kunde la kutupa pole, nilijiambia wanajua walichofanya. Kunde zile sikuzipika.

Mume wangu alikuwa ametangulia kutoka siku hiyo, akisema anakwenda kutazama kivuko cha magogo. Nilipomwonyesha madongo, aliyatupia jicho tu.

"Achana nayo, Mama Asha. Maji ni maji."

Nikaona ni upole wake.

Alhamisi mwenyekiti wa kitongoji alituita kuandikisha hasara. Nikasimama mbele ya watu, nikasema mpunga wangu haukuchukuliwa na mto, bali nimekatiwa tuta, na aliyekata yupo hapa hapa. Nikamtaja.

Baba Zuhura hakupandisha sauti. "Nilikuwa nachimba mtaro nyuma ya choo changu, jirani. Njoo uuone."

Sikwenda kuuona. Mume wangu alikuwa amekaa kando yangu, anachokonoa tope kwenye kucha.

Leo asubuhi magogo ya kivuko yamelazwa upya, nikavuka kwenda kumjulia hali mama mkwe. Anaishi ng'ambo peke yake, na miguu haimbebi tena. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono asiuachie.

"Poleni na mpunga, mwanangu. Maji yalifika hapa kizingitini, mimi nikatoa shahada kabisa. Natazama ng'ambo, namwona mwanangu kwenye mvua, anachimba tuta kama mwendawazimu. Mara maji yakaanza kurudi nyuma. Mungu awalipe. Mmetoa chakula chenu kwa ajili yangu."

Mmetoa. Alidhani tulikubaliana wawili.

Sikumsahihisha. Nilifagia tope sebuleni kwake, nikampikia uji, nikarudi.

Mume wangu alikuwa uani anaanika mahindi yaliyolowa. Nilimwambia mama yake amenisimulia. Akasimama na mahindi yake mikononi.

"Kivuko kilikuwa kimekwenda na maji," akasema. "Sikuwa na njia nyingine ya kumwokoa."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi nilishindwa."

Nilitaka kupiga kelele. Lakini nilikumbuka mkono wa yule mama ulivyokuwa wa moto ndani ya wangu, nikainama kuanika mahindi pamoja naye. Mpunga nimemsamehe. Kunyamaza kwake nikimchafua mtu mbele ya kitongoji kizima, hapo bado.

Nimemwambia kesho, hata kabla ya chai, tunakwenda kwa Baba Zuhura, na yeye ndiye atakayeanza kusema. Baadaye tutamfuata mwenyekiti, nikafute maneno yangu mbele ya watu wale wale. Amekubali.

Kuna swali moja sikumuuliza. Jumanne alipochukua jembe, mimi nilikuwa jikoni, hatua kumi kutoka alipokuwa. Angeniita, tungechimba wawili. Kwa nini hakuniita?

Labda aliogopa ningechagua mpunga.

Nimejiuliza mchana kutwa kama alikosea kuniogopa, na bado sijapata jibu ninaloweza kuliandika hapa.