Blanketi la Kijivu

Jumamosi, Julai

Bado nina hasira. Mchana nilimwekea baba filamu ya zamani isiyo na rangi, nikidhani askari magereza mstaafu ataifurahia. Mkuu wa gereza katika filamu alipouza mablanketi ya wafungwa na mmoja wao akafa kwa baridi, baba alicheka mpaka akakohoa.

"Mjinga huyu, anauza! Sisi tuliwaletea watoto wetu."

Nikakumbuka yale ya kijivu tuliyojifunika utotoni, hapahapa Mbinga. Nikamuuliza wafungwa wenyewe walijifunika nini.

"Mfungwa hasikii baridi, mwanangu."

Jioni aliomba blanketi la pili, meno yakigongana. Limebaki moja la kijivu kabatini. Nililitoa mbele yake, nikaondoka nalo.

Ninalo mabegani ninapoandika. Ananiita mara ya tatu sasa.

Lina joto kweli.