Feri Uliyoifungia Injini

Baba Achieng wangu,

Wiki jana nilipanda ile feri. Najua ungecheka kwanza, kisha ungeuliza kama nilitapika. Sikutapika.

Nakumbuka mchana ule nilipokuletea chakula pale mlipokuwa mkiijenga. Kreni ilikuwa imeshusha injini juu ya kitako chake cha chuma, nawe umelala ubavu ukipima nafasi chini ya miguu yake. Wenzako walikuwa wameshaanza kukaza boliti. Ukawaambia wazilegeze zote, kwa sababu injini na shafti ya propela hazikuwa zimenyooka sawasawa. Walinung'unika. Ugali ukapoa. Nami nikanuna, nikakuuliza tofauti ndogo kama unywele ina shida gani.

"Hapa nchi kavu haina shida," ulisema. "Huko majini itatikisika kila siku, boliti zilegee, chuma kipasuke. Na watu wako ndani, Mama Achieng."

Siku ya majaribio mliruhusiwa kuja na familia. Uliniomba asubuhi, ukanipigia pasi hata leso. Nikakwambia mimi na ziwa hatuongei tangu limchukue baba yangu. Hukunilazimisha. Ulirudi jioni umeungua na jua, ukinisimulia feri ilivyotulia, nami nikijifanya nashughulika na sufuria. Laiti ningekaa chini nikakusikiliza! Nilidhani ungenisimulia tena na tena hadi nichoke. Kumbe homa ilikuwa njiani. Kabla ya mvua kuisha tulikuwa tumeshakuzika kwenu Kombewa.

Sasa Achieng amejifungua kule Mbita, mtoto wa kike. Ndiyo maana nilipanda. Katikati ya ziwa nilimwomba fundi wa feri anipeleke kwenye injini.

"Mama, huko chini kuna kelele na joto."

"Mume wangu ndiye aliyeifunga."

Akanitazama, akanishika mkono hadi chini. Nikaweka kiganja kwenye kitako, karibu na boliti. Injini ilinguruma hadi kifuani mwangu, lakini pale ilipokaa haikucheza. Nilikuwa na mengi ya kukuuliza.

"Mzee yuko wapi siku hizi?" fundi akapaza sauti.

Nikamshukuru, nikashika ngazi.

Nilirudi juu nikakaa, mkoba nikauweka kando yangu kwenye benchi. Mwanamke aliyebeba mtoto akauliza kama pale kuna mtu. Nikasema yupo. Alisimama muda mrefu, mtoto akilia, ndipo nikauondoa mkoba.

Pumzika, baba watoto.

Mkeo,
Mama Achieng