Tonge Mbele ya Wakwe

Jumatatu, 2 Juni
Mama Salome kaninyoa ndevu, kanifunga vifungo, kanilisha uji. Kama kila siku. Mikono yatetemeka hata ikishikiliwa, na mwandiko wangu unazidi kuwa mdogo. Baadaye shambani, na mkongojo wangu. Nimewagombeza vibarua wanaopiga alizeti na kuacha mbegu kwenye vichwa. Jioni mazoezi ya kwaya. Besi yangu bado ipo. Siku nzuri.

Jumatano, 4 Juni
Jumamosi wanakuja wazee kutoka Ulemo kumposa Salome, binti yetu. Wenzangu wangefurahi. Mimi nawaza sinia tu. Wote watakula kwa mkono, na tonge langu litaishia kifuani. Mama Salome kasema atakaa kando yangu anilishe. Nimemkaripia. Mke amlishe mume mbele ya wakwe! Akainamia mlenda wake, akaendelea kuuchambua. Akiinama hivyo ameumia, namjua. Naona aibu kumkaripia. Kulishwa naona aibu zaidi.

Jumamosi, 7 Juni
Wamekuja. Maongezi mazuri, nimewachekesha. Ukaletwa ugali wa uwele na kuku wa kienyeji. Mama Salome akasogea. Nikamfukuza kwa jicho. Nikawaambia wageni wale tu, tumbo langu halijatulia. Wakatazamana. Wakaonja kidogo, wakaaga mapema. Nikajipongeza moyoni kwamba sijaumbuka.

Jumapili, 8 Juni
Mshenga kapiga simu baada ya ibada. "Shikamoo mzee. Wazee wanasema baba wa binti hakutia tonge mdomoni. Jibu wamelipata."
Mila hii naijua tangu utotoni. Baba asiyekula na waposaji amewakataa. Woga wa tonge ulinisahaulisha. Mjinga mimi.
Salome hajaja kunisalimia. Analia jikoni. Mama yake anambembeleza, na hanisemi vibaya. Bora angenisema.

Jumatano, 11 Juni
Nimempigia mshenga. Nimemwambia yote: mikono, kulishwa, aibu. Tumbo nilisingizia. Akajibu: "Tutarudi, mzee. Lakini safari hii wakuone unakula."
Nimemwomba Mama Salome msamaha. Kasema, "Baba Salome, mimi sijawahi kuona aibu kukulisha. Ni wewe."


Jumamosi, 14 Juni
Wamerudi. Mama Salome kaketi mkekani ubavuni kwangu, kanawa, kamega tonge, kachovya, kanilisha. Masikio yaliniwaka. Mchuzi ukanitiririka kidevuni, akaupangusa kwa kanga yake. Hakuna aliyekula. Wote wananitazama mimi. Nilitamani ardhi inimeze. Salome alikuwa mlangoni, kaziba mdomo kwa kiganja.
Nikafungua mdomo tena. Na tena. Ndipo mkubwa wao akanyoosha mkono kwenye sinia, na wengine wakafuata.
Posa imepokelewa.

Jumapili, 15 Juni
Nyumba imetulia. Salome kaja asubuhi, kanisalimia, kacheka kidogo. Aibu bado ninayo, sidanganyi.
Mchana Mama Salome alipokuwa ananilisha wali, nilimuuliza yeye hula saa ngapi. "Ukishashiba wewe." Nikamwambia chakula si kinakuwa kimepoa? Kasema ameshazoea.
Miaka yote hii sikuwahi kuuliza.
Nikamwambia ale kwanza. Alikataa, nikafunga mdomo kama mtoto. Akacheka, akala. Nikakaa namtazama. Wali ulikuwa bado unatoa mvuke.