Panga Ofisini kwa Katibu wa Ndiva

Omari, Anaeli amempiga Clemence panga! Shemeji yake mwenyewe, katibu wetu wa maji, mchana kweupe. Panga, Omari!

Chanzo ni zamu ya maji. Anaeli, mwenye shamba la juu, aliandika barua pepe kwa mkono wake akikubali maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, yateremke bondeni kila Alhamisi. Barua zote zilikuwa zikikaa ndani ya ile kompyuta kuukuu ya ofisi. Leo Alhamisi, maji akiyataka yeye, akaingia ofisini na panga, anahema: "Barua iko humo? Basi naiua!" Akaipasua kompyuta kama anapasua kuni. Clemence akajitupa kumzuia, panga likamchana mkono. Damu ikaruka hadi kwenye kalenda ya usharika.

Unajua Clemence alifanya nini? Alicheka. Alicheka, Omari, damu inachuruzika!

"Umeua sanduku tupu, shemeji. Barua tumezihamishia mtandaoni wiki iliyopita. Nipeni simu yoyote."

Simu yoyote! Na aliyempa ni Asteria, dada yake, mke wa Anaeli huyo huyo. Clemence akaandika nywila kwa kidole chenye damu, akasoma barua kwa sauti, neno kwa neno.

Anaeli akamgeukia mkewe, panga juu. Asteria hakurudi nyuma hata hatua.

"Kata, Baba Sifael. Kata simu, kata na mkono wangu. Bondeni kila nyumba ina simu, na barua inasomeka kwenye yoyote. Utakata mikono ya nani?"

Panga likabaki hewani. Kisha wote wakasikia maji yakinguruma nje. Wanawake wa bondeni walikuwa wamekwisha kuizibua ndiva.